Muthokoi, magadi na vita dhidi ya sumu ya mahindi Machakos

MAHINDI yaliyoota kuvu yaliwaua watu 125 nchini Kenya mwaka wa 2004, kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, wengi wao kutoka Makueni, Kitui na Machakos. Balaa hiyo haikuwa ngeni. Mnamo 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa maradhi ya ini na 12 kati yao wakafariki. Kabla ya watu, hua na mbwa ndio waliotangulia kufa.

Kiini cha vifo hivyo ni aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Kuvu hiyo hushambulia mahindi yaliyodhoofishwa na kiangazi yangali shambani, kisha hustawi yakihifadhiwa na unyevu. Ubaya wake ni kwamba sumu hiyo haina ladha wala harufu, na moto wa kawaida wa jikoni hauiangamizi. Kusonga ugali kwa muda mrefu hakusaidii kitu.

Hata hivyo, jikoni mwa Wakamba mna desturi moja iliyowavutia wanakemia. Muthokoi hutayarishwa kwa kutwanga mahindi hadi ganda la nje likatoka, na sehemu kubwa ya sumu hujificha katika ganda hilo na kiini cha punje. Utafiti uliochapishwa na wasomi wa humu nchini mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa ukoboaji huo hupunguza aflatoksini kwa takriban nusu. Walipoichemsha muthokoi kwa saa mbili unusu katika maji yenye magadi kidogo, zaidi ya robo tatu ya sumu iliyosalia ilitoweka.

Sababu ni hii: magadi hufanya maji yawe kinyume cha asidi, na hali hiyo hupasua mojawapo ya pete zinazounda chembe ya aflatoksini. Lakini kemia ina ukaidi wake. Pete hiyo yaweza kujifunga tena ikikutana na asidi, mathalani ile iliyomo tumboni. Isitoshe, magadi mengi huharibu baadhi ya vitamini. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba konzi ya magadi yatosha kuyahalalisha mahindi yaliyooza.

Mbinu yenye matumaini zaidi huanzia shambani. Katika kituo cha KALRO cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kumejengwa kiwanda cha kutengeneza Aflasafe, bidhaa iliyoidhinishwa nchini mwaka wa 2015. Hizi ni punje za mtama zilizouawa uwezo wa kuota, kisha zikapakwa kuvu ya jamii ile ile, ila isiyoweza kutoa sumu. Mkulima hunyunyiza kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hiyo salama huitangulia ile hatari na kuinyima nafasi.

Baada ya mavuno, wazee walichanganya nafaka na jivu. Walikuwa na hekima: jivu hukwaruza na kukausha miili ya fukusi. Lakini haliwezi kuikomesha kuvu katika mahindi mabichi. Mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa huwakosesha wadudu pumzi bila dawa, nayo pia huhitaji nafaka iliyokauka barabara. Kipimo chake ni rahisi: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha tazama. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Tahadhari ya mwisho yahusu tiba. Macho yakigeuka manjano na tumbo kuvimba baada ya kula mahindi yanayoshukiwa, mgonjwa apelekwe hospitalini upesi, wala asianzishiwe mitishamba nyumbani. Hakuna dawa mahususi inayojulikana ya kuiondoa aflatoksini mwilini, na ini lililokwisha kujeruhiwa ndilo linalolazimika kuzichuja hata hizo dawa za miti. Mahindi yaliyosalia yasipewe ng'ombe wala kuku, kwani sumu hiyo hupenya hadi kwenye maziwa.