Siri Iliyotoka Kwenye Spika za Gari

Mwezi uliopita tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda Machakos kupeleka posa. Garini tulikuwa watano: kijana wetu kwenye usukani, mama yake, shangazi zake wawili, nasi. Niya yetu ilikuwa kusikiliza kisomo cha Qur'ani kilichomo simuni mwetu.

Simu ilituambia kuwa imeungana na redio kwa Bluetooth. Redio ikanyamaza. Voi tuliposimama kunywa chai, kijana akaufuta muungano ule akauanza upya, huku akibahatisha vitufe, maana gari lilitoka Japani na maandishi yote ya redio ni ya Kijapani. Kimya kile kile.

Karibu na Emali simu ikaita. Tuliipokea, tukaiweka sikioni, na sauti ikatoka kwenye spika zote za gari. Alikuwa mwanamke anayetutaka shauri juu ya ndoa yake. Kabla kijana hajawahi kuizima redio, alikuwa amekwisha kutamka jambo ambalo mwanamke humwambia sheikh peke yake. Shangazi wakageukia madirisha. Hakuna aliyesema neno mpaka njia panda ya Kyumvi.

Machakos tulimwona fundi wa umeme wa magari. Alitueleza kuwa Bluetooth ina njia zaidi ya moja: iko ya mazungumzo ya simu, na iko ya muziki na visomo. Redio nyingi za zamani kutoka Japani zina ile ya kwanza tu. Ndiyo sababu kisomo kilikataa na siri ikapita. (Jina hilo la Bluetooth ni la mfalme Harald wa Denmark, wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Kwetu aliwaunganisha wasiopaswa kuunganishwa.)

Lililotushtua zaidi lilikuwa kumbukumbu ya redio. Fundi aliifungua, na humo mlikuwa na majina na namba za jamaa zetu, wakiwemo wanawake wanaotuletea maswali yao. Simu ilipouliza kama inakili majina, kijana alikubali bila kusoma. Na gari lile tumekwisha kuliazima mara ngapi, kwa arusi na kwa maziko!

Basi enyi mama na dada, simu ikiuliza kuhusu majina, ikatalieni. Katika mipangilio ya baadhi ya simu, penye jina la gari, mnaweza kuzima mazungumzo na kuacha sauti nyingine. Gari likiuzwa au kuazimwa, yafuteni yote yaliyomo redioni kabla ya kutoa ufunguo. Kuifuta simu peke yake hakutoshi. Nasi tulirudi na waya mfupi wa kuchomeka kwenye redio, na kisomo tulikisikiliza njia nzima.

Kabla ya kuondoka Machakos tulimpigia yule mwanamke, tukiwa tumesimama peke yetu nje. Tulimtaka radhi, tukamtajia waliosikia. Haya twayaandika kwa idhini yake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: je, mmoja wao ni yule shangazi wa Kisauni?

Tukamwambia ndiye.