Skuta ya kwanza ya kwendea kazini: tazama tairi kabla ya rangi

Kila asubuhi pale Kimara, Mbagala au Gongo la Mboto hesabu ni ileile. Daladala ya kwanza imejaa hadi mlangoni, ya pili haisimami, na bodaboda wa kila siku anakula posho yote. Hapo ndipo mtu anaanza kuitazama skuta ya jirani kwa jicho lingine: kwa nini na mimi nisinunue?

Wazo si baya. Skuta haina gia wala klachi, ina sehemu ya kuweka miguu hata kwa aliyevaa gauni, na chini ya kiti kuna nafasi ya mkoba na koti la mvua. Zanzibar wameshaizoea siku nyingi, ingawa kule skuta yoyote, hata ikitoka Japani au India, utasikia inaitwa vespa.

Shida ni kwamba wengi wanachagua skuta ya kwanza kama wanavyochagua simu. Rangi, umbo, bei, basi. Wanasahau kwamba chombo hiki kitawabeba katikati ya malori na mabasi, na wao wenyewe ndio bampa.

Njia yako ikoje?

Kabla hujaenda dukani, ipitie kichwani njia unayopita kila siku. Ni kilometa ngapi? Lami yote, au kuna kipande cha vumbi kabla ya kufika nyumbani? Kuna mlima? Utampakia mtu?

Majibu hayo ndiyo yanayochagua ukubwa wa injini. Skuta za cc 50 zilizotumika Japani bei yake inavutia sana. Lakini jua zilitengenezwa kwa kazi gani. Kule kwao chombo cha cc 50 kisheria hakiruhusiwi kuzidi kilometa 30 kwa saa wala kubeba abiria, ndiyo maana nyingi zina kiti kifupi na hazina pa kukanyagia mtu wa nyuma. Kwa anayeishi Sinza na kufanya kazi Mwenge, akipita mitaa ya ndani, inamtosha kabisa. Kwa anayetoka Mbezi Mwisho kwenda Posta, hapana. Kwenye Barabara ya Morogoro kila gari litakuwa linakupita, na kupitwa na malori kila dakika kunachosha na ni hatari kuliko kwenda nayo sambamba.

Cc 110 hadi 125 ndipo pa kuanzia kwa watu wengi wa mjini. Inatembea kilometa 60 kwa saa bila kulia, inapanda mlima na mtu nyuma, na bado ni nyepesi. Ukiendesha kistaarabu, lita moja inakupa kilometa 40 hivi. Mtu wa kilometa 30 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, anatumia kama lita 16 na nusu kwa mwezi. Zidisha na bei kikomo ya EWURA, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, halafu linganisha na unachompa boda sasa hivi. Ongeza oili, tairi na bima, maana hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwama.

Cc 150 na kuendelea iache kwanza. Ni nzito zaidi, na leseni yake ni tofauti: daraja A ni la pikipiki zinazozidi cc 125, A1 ni la zile ndogo, na A3 ni la vyombo visivyozidi cc 50. Muuzaji hatakwambia hilo. Trafiki atakwambia.

Tairi dogo na shimo la Dar

Hiki ndicho kitu ambacho wanunuzi wapya hawakiangalii kabisa, na mimi ningekiweka cha kwanza. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina tairi la inchi 17 au 18. Skuta nyingi zina inchi 10 au 12. Shimo ambalo boda analipita huku anaongea na simu, tairi la inchi 10 linaingia lote, usukani unageuka, na wewe uko chini.

Kwa hiyo tafuta angalau inchi 12 mbele. Zipo zenye inchi 12 mbele na nyuma, kwa mfano TVS NTORQ 125, na zipo zenye 14, ingawa hizo huwa juu zaidi. Namba huhitaji kuuliza, imeandikwa kwenye tairi lenyewe: ukiona 100/80-12, hiyo 12 ya mwisho ndiyo inchi.

Ukiwa hapohapo umechuchumaa, tafuta na namba nyingine ya tarakimu nne ndani ya duara refu. Ikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri lakini limekauka kwa uzee, na siku ya mvua halishiki lami.

Breki: mkono wa kushoto una mtego

Kwenye skuta breki zote mbili ziko mikononi, kulia ya mbele, kushoto ya nyuma. Kama ulijifunza kwa pikipiki ya gia, mkono wako wa kushoto unajua kwamba pale ni klachi. Siku ya kwanza utaminya kwa nguvu kama ulivyozoea, tairi la nyuma lifunge, uteleze. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha chombo inatoka mbele, kwa sababu ukifunga breki uzito wote unahamia huko, kwa hiyo anayeogopa breki ya mbele anahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Tumia zote mbili pamoja, taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Juu ya mchanga au kwenye kona usiminye ya mbele kwa pupa.

Kwa mwanafunzi, breki iliyounganishwa inasaidia: ukiminya ya kushoto, na ya mbele inashika kidogo. Tangu 2019 India inalazimisha pikipiki na skuta mpya zinazouzwa ndani ya nchi hiyo, hadi cc 125, ziwe na mfumo huo au ABS. Ya kusafirishwa nje inaweza kuja bila, hivyo muulize muuzaji na akuonyeshe, asikwambie tu "ipo, bosi".

Disiki mbele ni bora kuliko dramu. Nyuma, dramu inatosha.

Keti, isukume, ipandishe stendi

Skuta nyingi za cc 110 hadi 125 zina kilo 100 hadi 120 hivi. Kwenye foleni utakuwa unasimama na kuondoka mara mia, na kila mara mguu unashuka chini. Ukikaa, nyayo zote mbili zifike chini, si vidole tu. Ishuke uisukume mbele na nyuma, kisha ipandishe kwenye stendi ya kati mwenyewe, bila msaada wa kijana wa duka. Ukishindwa hapo dukani, usiku nyumbani na geti jembamba itakuwaje?

Ukimaliza, zima injini kabla ya kuisukuma. Skuta haina nyutro. Ikiwa inawaka, ukaishika usukani wa kulia kuivuta na mkono ukazungusha mafuta kidogo, inaruka mbele na wewe unaburutwa. Ajali za namna hii hutokea sana getini na sheli, na mwenye chombo hata hajapanda.

Ya mkononi: fika injini ikiwa baridi

Wengi watanunua iliyotumika, na hakuna ubaya. Ila muuzaji akijua unakuja saa nne, saa tatu na nusu ameshaipasha moto. Fika mapema, gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, subiri ipoe au rudi siku nyingine. Injini iliyochoka inajificha ikiwa moto, na kujionyesha asubuhi.

Iwashe, uangalie moshi. Moshi wa bluu kwenye injini ya stroki nne maana yake inakula oili, yaani gharama inakusubiri. Kilometa za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, zinabadilishwa. Angalia mpira wa kukanyagia, mpira wa usukani na pembe za kiti. Chombo cha kilometa 9,000 hakiwezi kuwa na mpira uliolika hadi ukawa laini kama sabuni.

Halafu uliza mkanda. Skuta haina cheni, inaendeshwa na mkanda wa mpira ulio ndani ya kasha la kushoto. Kwa nyingi unabadilishwa kati ya kilometa 15,000 na 25,000, kitabu cha chombo ndicho kinachosema hasa. Ukikatika, injini inanguruma lakini tairi halizunguki, na kwa kawaida unakatika ukiwa mbali na nyumbani. Kama muuzaji hajui uliwekwa lini, hesabu kwamba haukuwahi kubadilishwa na ukate gharama yake kwenye bei. Kwenye gurudumu la nyuma pia kuna oili yake ya gia, ndogo tu, ambayo karibu kila mtu anaisahau.

Na kabla ya kupenda aina fulani, pita kwa fundi wa mtaani kwako uulize spea zake zinapatikana wapi. Skuta nzuri ambayo plastiki na mkanda wake vinaagizwa Dubai ni pambo.

Makaratasi kabla ya pesa

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, wewe mwenyewe, kwa macho yako. Angalia deni la faini kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi. Andikishianeni mkataba kwa mwanasheria, kisha hamisha umiliki TRA. Ile ya "tutabadilisha baadaye, kaka" inawaweka wote wawili pabaya: chombo kikigonga mtu, aliyeandikwa kwenye kadi ndiye anatafutwa kwanza, na ukiibiwa huna cha kuonyesha kwamba kilikuwa chako.

Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Haikulipi wewe ukiibiwa. Kama skuta umenunua kwa mkopo, fikiria kubwa.

Kofia iwe ndani ya bajeti, isiwe chenji

Ukiwa na pesa za skuta tu, huna pesa za skuta. Toa kwanza za kofia, halafu kinachobaki ndicho cha kununulia chombo. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti ikivaliwa ipasavyo inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali zaidi ya mara 6, na hatari ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Chagua inayobana mashavu kidogo na isiyozunguka ukitikisa kichwa, na ufunge kamba. Iliyowahi kuanguka kwenye ajali usiinunue hata kwa bei ya bure.

Shule ya udereva na leseni ya kujifunzia ni lazima, lakini pia jipe mazoezi yako. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi barabara ni nyeupe: nenda hadi ofisini na kurudi, mara tatu au nne, kabla ya kuijaribu Jumatatu yenye watu wake. Mwezi wa kwanza usimpakie mtu, kwa sababu abiria anabadilisha breki, kona na hata jinsi chombo kinavyosimama. Usimfuate boda anayekatiza kwenye njia ya mwendokasi. Yeye ana uzoefu na bado anagongwa.

Na siku ya mvua kubwa, maji yakiwa juu ya barabara pale Jangwani, iache skuta nyumbani. Kasha la mkanda na njia ya hewa kwenye skuta nyingi viko chini, karibu na tairi la nyuma. Mkanda ukilowa unateleza, injini ikivuta maji inazima palepale, katikati ya mto, na nyuma yako kuna basi.