Injini Ngeni Katika Gari Kuukuu: Kutafuta Hitilafu ya Nyaya za Vihisi

Mara nyingi katika gereji zetu huletwa gari ambalo injini yake ya asili imekufa, likatiwa nyingine iliyotolewa katika gari jingine. Asubuhi huwaka bila taabu. Likisha kwenda kilomita chache huanza kunuka petroli na kutoa moshi mweusi, na siku ya jua kali maji ya rejeta huchemka. Fundi hubadilisha plagi, kisha pampu ya petroli, kisha kihisi cha joto, ambacho mafundi hukiita sensa. Mwenye gari hulipa kila mara, na ugonjwa hubaki palepale.

Hitilafu ya namna hii haitafutwi kwa kubahatisha. Hutafutwa kwa Kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa darasani.

Jinsi joto linavyopimwa

Mwaka 1833 Michael Faraday aliona kwamba salfaidi ya fedha hupitisha umeme vizuri zaidi inapopashwa joto, kinyume cha metali za kawaida. Vihisi vya joto la injini hutumia tabia hiyohiyo. Ndani yake mna themista, yaani kitu ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika aina moja itumikayo sana, ukinzani ni karibu ohm 2,500 kwa digrii 20 za Selsiasi, ohm 830 kwa digrii 50, ohm 320 kwa digrii 80, na ohm 190 kwa digrii 100.

Kompyuta ya injini hupeleka volti 5 kupitia kikinzani kilichomo ndani yake, kisha kupitia themista, hadi upande wa hasi. Yenyewe haijui joto. Hujua volti tu. Waya ukikatika, huona volti zote 5 na kudhani kuna baridi kali. Nyaya mbili zikigusana, huona sifuri na kudhani injini inaungua.

Kiungo kibovu

Hitilafu iliyo ngumu zaidi ni ile ya katikati. Injini inapobadilishwa, nyaya hukatwa na kuungwa upya. Tuseme kiungo kilichosokotwa kwa mkono kimeingia maji na kushika kutu, kikaongeza ohm 500. Vikinzani vilivyofuatana hujumlishwa. Asubuhi, kwa digrii 20, kompyuta husoma ohm 3,000, yaani kama digrii 16. Kosa hilo ni dogo, wala hakuna atakayelitambua. Lakini injini ifikapo digrii 80, kompyuta husoma ohm 820, yaani kama digrii 50. Hudhani injini bado ni baridi, ikaongeza petroli. Hata maji yafikapo digrii 100, husoma ohm 690, yaani chini ya digrii 60. Ikiwa feni ya rejeta huamriwa na kompyuta hiyo, feni haitazunguka, na injini itaharibika.

Basi ni dhahiri kwa nini ugonjwa huu hujificha asubuhi na kujitokeza njiani, na kwa nini kihisi kipya hakiuponyi.

Geji na hasi

Mara nyingi geji ya dereva ina kihisi chake cha pekee chenye waya mmoja. Geji hiyo ilitengenezwa ilingane na kihisi cha injini ya zamani. Ikiunganishwa na kihisi cha injini ngeni, mshale huweza kuonyesha usalama wakati hakuna usalama. Yafaa kuhamisha kihisi cha zamani, iwapo kinaingia sawasawa.

Kadhalika, injini hukaa juu ya mito ya mpira, nayo mpira haupitishi umeme. Waya mnene wa hasi uungao injini na bodi ukisahauliwa, kihisi cha waya mmoja hukosa njia nzuri ya kurudishia mkondo. Dalili mojawapo ni mshale kucheza taa zinapowashwa.

Utaratibu wa kupima

Kwanza, injini ikiwa imepoa na swichi imezimwa, chomoa soketi ya kihisi na upime ukinzani wa kihisi peke yake. Pili, rudisha soketi, chomoa ile ya kompyuta, na upime kihisi hichohicho kutoka upande huo. Tofauti ya vipimo viwili ni ukinzani wa nyaya, nao hautakiwi kuzidi ohm chache. Tatu, pima volti kati ya mwili wa injini na ncha ya hasi ya betri wakati starta inazungusha injini. Zikizidi nusu volti, waya wa hasi una kasoro. Usitumie taa ya kujaribia kwenye nyaya za kompyuta, maana mkondo wake waweza kuiharibu.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kupata kihisi kikuukuu gereji, akakitumbukiza katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Wanafunzi wapime ukinzani kila baada ya digrii 10, kisha wachore grafu. Wasidhani kuwa maji yachemkayo lazima yawe digrii 100: Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na digrii 95. Kisha waongeze kikinzani cha ohm 500 katika mfululizo, wapime tena, na kuchora mchirizi wa pili juu ya karatasi ileile. Katika nafasi iliyo kati ya michirizi hiyo miwili wataliona kosa ambalo fundi alilitafuta kwa kununua vipuri.