Mapafu Pembeni mwa Picha ya Moyo

Watafiti wa Marekani walioanzisha mradi wa MESA mwaka 2000 walikuwa wakiutafuta ugonjwa wa moyo. Waliwaandikisha watu 6,814 wenye umri wa miaka 45 hadi 84, wa New York, Chicago, Baltimore na kwingineko, wakawalaza kwenye mashine ya CT-scan ili waone kama mishipa ya moyo imeanza kujaa chokaa. Ila huwezi kuupiga picha moyo ukayakwepa mapafu. Sehemu yake kubwa ilinaswa bila kukusudiwa.

CT-scan hupima pia uzito wa kila kipande kidogo cha mwili. Katika vipimo vilivyopewa jina la mvumbuzi wa mashine hiyo, Mwingereza Godfrey Hounsfield, maji ni 0 na hewa tupu ni -1,000. Emfisema, ugonjwa wa mapafu, hula kuta za vifuko vya hewa: viwili vinakuwa kimoja, kisha vinne, mpaka linabaki shimo. Kompyuta hujumlisha mashimo hayo kwa kuuliza ni asilimia ngapi ya pafu imeshuka chini ya -950. Jibu hulinganishwa na la watu wenye afya wa umri na kimo hichohicho, maana pafu la mzee hulegea hata bila ugonjwa.

Kwa nini kisitoshe kile kipimo cha kawaida cha kupuliza mrija? Kwa sababu pafu lina akiba kubwa. Linaweza kupoteza kuta nyingi na mwenyewe bado akapuliza vizuri. Ndani ya MESA, watu karibu 3,000 waliofaulu kupuliza, takriban nusu yao hawajawahi kuvuta sigara, walifuatiliwa kwa miaka 6 hivi. Kadiri picha ilivyoonyesha emfisema zaidi, ndivyo hatari ya kufa ilivyopanda.

Asilimia hiyo ya kompyuta, hata hivyo, ina ujanja wake. Asiyejaza kifua pumzi wakati wa kupigwa picha huonekana ana pafu zito kuliko lilivyo. Mvutaji sigara naye hubeba uvimbe na majimaji yanayoziba pengo kwenye picha. Akiacha sigara, uvimbe hupungua, pafu huwa jepesi, na kompyuta humwandikia emfisema zaidi ya ile ya mwaka jana. Daktari asiyelijua hilo anaweza kumtisha mtu aliyefanya jambo jema kuliko yote.