Gwanda Kwenye Msumari: Mwanachama na Mgombea Mwenye Doa (2)

Wiki iliyopita tuliishia Dodoma, Julai 2015, pale Kamati Kuu ya CCM ilipoyapitia majina ya watia nia 38 na kubakiza matano. La Edward Lowassa halikuwamo. Tuliwaona wajumbe wa Halmashauri Kuu wakimpokea Mwenyekiti wao, Rais Jakaya Kikwete, kwa wimbo wa kuonyesha imani yao kwa Lowassa, na bado vikao vikamalizika kwa John Magufuli kupewa bendera. Wana-CCM wale walikuwa na jambo la kumeza. Lakini tonge kubwa zaidi mwaka ule liliwekwa mbele ya watu wengine kabisa, nao ni wanachama wa Chadema. Makala ya leo ni yao.

Namfahamu fundi cherehani mmoja wa Temeke, mtu mzima, ambaye kwa miaka mingi alishona magwanda ya chama hicho: khaki nzito, mifuko minne, mshono wa mara mbili mabegani kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, gwanda huraruka mabegani pale watu wanapobebana. La kwake hulitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani. Tarehe 15 Septemba 2007 alikuwapo uwanja wa Mwembe Yanga, amesimama juani, Dkt. Wilbroad Slaa, katibu mkuu wa Chadema, alipowasomea watu majina 11 ya viongozi waliotuhumiwa kwa ufisadi. Jina la Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu, lilikuwamo. Fundi huyu alirudi nyumbani jioni ile akiwa mtu wa Chadema, na hakuwa peke yake. Chama kilikuwapo tangu mwanzo wa vyama vingi, lakini watu wengi wa mjini walikifahamu kwa orodha ile.

Haikupita miezi mitano, ikaja Richmond. Tukumbushane kwa ufupi, kwa faida ya vijana. Mwaka 2006 ukame uliyashusha mabwawa ya umeme, nchi ikaingia kwenye mgawo, na serikali ikafunga mkataba na kampuni ya Richmond izalishe megawati 100 za dharura. Kampuni ilishindwa. Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ilipofika ukumbini, Lowassa alijiuzulu, tarehe 7 Februari 2008. Alilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati ilimtaja bila kumhoji. Hakufikishwa mahakamani, si wakati ule wala baadaye. Naomba msomaji ashike mambo hayo mawili kwa mikono miwili: alianguka kwa taarifa nzito ya Bunge, na hakuwahi kusikilizwa wala kuhukumiwa na chombo chochote. Anayeshika moja tu kati ya hayo hawezi kuielewa 2015.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 28 Julai 2015 Lowassa alikabidhiwa kadi ya Chadema. Tarehe 4 Agosti, siku saba baadaye, Mkutano Mkuu uliokutana Mlimani City ulimpitisha kuwa mgombea urais, na Juma Duni Haji kuwa mgombea mwenza. Tarehe 6 Agosti Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, chama mshirika ndani ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Tarehe 1 Septemba Dkt. Slaa, mtu yuleyule wa Mwembe Yanga, alitangaza kuachana na siasa za vyama. Tarehe 25 Oktoba ilikuwa kura. Kwa hiyo aliyesimama juani mwaka 2007 alipewa chini ya miezi mitatu ya kuyageuza aliyoyaamini miaka minane.

Kwa nini mambo yalibana hivyo? Hapa ndipo penye somo la katiba, nami nitakaa kidogo. Kwanza, kwetu hakuna mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila aliipeleka hoja hiyo mahakama kwa mahakama, hadi Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikampa haki mwaka 2013, lakini sheria yetu haikubadilika. Kwa hiyo Lowassa aliyekatwa Dodoma hakuwa na njia ya kwenda kwa wananchi peke yake. Ilikuwa lazima apate chama, na apate kabla ya siku ya uteuzi, Agosti 21. Pili, tangu marekebisho ya mwaka 2000 rais halazimiki kupata zaidi ya nusu ya kura. Anayeongoza ndiye rais, hata kwa kura moja, na hakuna duru ya pili. Nchi yenye duru ya pili humruhusu mpiga kura kuufuata moyo wake mara ya kwanza na hesabu mara ya pili. Sisi moyo na hesabu vinagombania karatasi moja. Tatu, muungano wa vyama haukuwa na mahali kwenye karatasi ya kura. Mgombea urais na mwenza wake hutoka chama kimoja, ndiyo maana Duni, mtu wa CUF tangu zamani, ilibidi ahamie Chadema. Mtu akijua hayo matatu hatashangaa tena haraka ile. Haraka ilitokana na sheria, ingawa viongozi waliitumia.

Siku moja ya Agosti nilikuwa kibandani kwa yule fundi, nikisubiri suruali, akaingia kijana wa bodaboda kutaka gwanda la haraka. Wakaanza.

"Mzee wangu, mchagua nazi hupata koroma," alisema kijana. "Miaka yote sisi tunachagua nazi, wenzetu wanakula wali."

Fundi hakunyanyua macho. "Kijana wangu, sijakataa tushinde. Nauliza tu. Ile orodha tuliisoma kwa makosa? Au mtu amebadilika? Au tumebadilika sisi? Nijibiwe moja, nitashona usiku kucha."

Kijana alikuwa na miaka 18 kamili, ndiyo kwanza anapiga kura. Piga hesabu: Mwembe Yanga ilimkuta ana miaka kumi. Kwake yeye Richmond ilikuwa hadithi ya watu wazima, na Lowassa alikuwa yule aliyejaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, mwezi Mei, alipoanza Safari ya Matumaini. Kwa fundi, Lowassa lilikuwa jina lililosomwa kwenye kipaza sauti. Walikuwa chama kimoja, wakimzungumzia mtu mmoja, lakini hawakuwa na kumbukumbu moja. Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya uchaguzi ule na sijaona jambo hili likipewa uzito wake: ubishi wa 2015 ndani ya Chadema kwa sehemu kubwa ulikuwa ubishi wa umri.

Nieleze msimamo wangu bila kuzunguka. Sikubaliani na wanaosema kwamba mwanachama aliyempigia Lowassa aliuza utu wake. Kura si cheti cha tabia njema. Kumpigia mtu kura si kumwandikia barua ya sifa. Ni kusema kwamba kati ya milango iliyo wazi leo, huu ndio utakaonifikisha karibu zaidi na ninakotaka kwenda. Na mwanachama wa Chadema alikuwa na sababu nzito. Mwaka 2010 Slaa, mgombea ambaye hawakumwonea aibu yoyote, alipata kura zipatazo milioni 2.3, kama asilimia 27, na Kikwete akarudi Ikulu kwa zaidi ya asilimia 62. Usafi ulikuwapo, kura hazikutosha. Rasimu ya Katiba ya tume ya Jaji Joseph Warioba, ambayo Ukawa ilizaliwa kuitetea ndani ya Bunge Maalumu mwaka 2014, ilikuwa imewekwa kando. Aliyeamini kwamba nchi haitapata katiba mpya mpaka chama tawala kitoke madarakani angeweza, kwa akili timamu na dhamira safi, kuamua kumvumilia mtu mmoja kwa ajili ya jambo kubwa kuliko mtu yule.

Vilevile sikubaliani na waliowaita Slaa na Lipumba wasaliti. Slaa alipozungumza siku ile ya Septemba hakusema kwamba mlango ulipaswa kufungwa kabisa. Alitaka Lowassa kwanza ajisafishe mbele ya umma, na ijulikane anakuja na nini: ni mtaji au ni mzigo. Hilo lilikuwa dai halali la katibu mkuu aliyesoma orodha kwa sauti yake mwenyewe.

Kosa, kwa maoni yangu, lilifanyika katikati ya pande hizi mbili, na halikufanywa na wapiga kura. Swali la fundi lilikuwa na majibu matatu, na lolote kati ya hayo lingemtosha. Chama kingeweza kusema: tulipoweka jina hili kwenye orodha tulikosea, tunaomba radhi. Kingeweza kusema: hatukukosea, lakini ametueleza hili na hili juu ya mkataba ule, nanyi mnaweza kulipima. Kingeweza hata kusema: doa lipo, tunalijua, tunamchukua hivyohivyo kwa sababu hii, na tutamdhibiti kwa njia hii. Badala yake jibu lililosikika mara nyingi lilikuwa kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. Mgombea mwenyewe alisema alitaka mkataba uvunjwe na kwamba maagizo yalitoka juu, akaishia hapo. Kwa mtu anayetuhumiwa, kwenda mahakamani ni jibu halali. Kwa chama kilichotuhumu bila kusubiri mahakama, halikuwa jibu. Mwanachama anaweza kubeba mgombea mwenye doa, na watu wetu wamebeba mazito kuliko hayo. Kinachomwelemea ni kuambiwa kwamba doa halijawahi kuwapo, ilhali yeye ndiye aliyelionyeshwa.

Njia ya kutoka ilikuwapo, na baadhi waliitumia. Mpiga kura wa bara hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Si lazima mkono uende njia moja mara tatu. Nilikutana na wanachama waliompa mbunge wa Ukawa kura yao kwa moyo mkunjufu, kisha wakasimama muda mrefu kituturini na karatasi ya rais. Wengine waliona afadhali ACT-Wazalendo na mgombea wake, Anna Mghwira, ambaye hakufikia kura laki moja. Wapo walioiharibu karatasi hiyo moja kwa makusudi. Kila mmoja alilipia uamuzi wake, na siwezi kumcheka hata mmoja.

Matokeo yalitangazwa na Jaji Damian Lubuva wa Tume ya Uchaguzi: Magufuli kura 8,882,935, asilimia 58.46, Lowassa kura 6,072,848, asilimia 39.97. Ukawa iliyapinga, lakini katiba yetu hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa. Hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefikia kiwango hicho tangu vyama vingi virudi. Wabunge wa Chadema waliongezeka kutoka 48 hadi 70, na Jiji la Dar es Salaam likapata meya wa upinzani. Jimbo la Temeke lenyewe, lenye uwanja wa Mwembe Yanga, lilikwenda kwa Abdallah Mtolea wa CUF. Kijana wa bodaboda aliendesha pikipiki usiku ule akipiga honi mpaka sauti ya honi ikakauka.

Aliyekuwa na hamu ya kusema "tuliwaambia" alisubiri kidogo tu. Slaa aliteuliwa kuwa balozi na Rais Magufuli mwaka 2017. Mtolea aliacha ubunge mwishoni mwa 2018 akahamia CCM. Na tarehe 1 Machi 2019 Lowassa mwenyewe alirudi CCM, akasema amerudi nyumbani. Alifariki Februari 2024 na kuzikwa kwao Monduli kwa heshima za kitaifa.

Ile wiki ya Machi 2019 nilipita kibandani kwa fundi. Gwanda lilikuwa bado kwenye msumari, vumbi limetua kwenye kola. Kijana wa bodaboda, sasa baba wa mtoto mmoja, alikuwa amekaa kwenye benchi bila kofia, hana haraka. Nilitarajia mzee amkumbushe maneno yao ya mwaka 2015. Hakumkumbusha. Alimkaribisha chai.

"Mzee wangu," kijana alisema baada ya muda, "ile siku ya Mwembe Yanga, hasa kilisomwa nini? Mimi naisikia tu. Hakuna aliyewahi kunikalisha akanieleza."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, gurudumu la cherehani likazunguka peke yake kidogo kisha likasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha khaki, akaanza na jina la kwanza.

Wiki ijayo: ruzuku ya vyama, na jinsi inavyoamua nani awe mgombea.