Mtoto wa Jicho: Kalamu ya Daktari na Mkono Wake

Mzee wa vilima vya Kalama, kusini mwa mji wa Machakos, hufika hospitalini amechelewa, kama achelewavyo mzee wetu wa Pwani. Wote wawili wameambiwa wangoje mtoto wa jicho akomae. Ushauri huo ni wa zamani na sasa una hasara, kwani lenzi ya jicho huzidi kuwa ngumu kila mwaka, na ugumu huo ndio unaoamua itolewe kwa chombo gani.

Ndugu wasomaji, kumfyonza mtoto wa jicho si jambo geni. Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu aliyekuwa Misri zama za Khalifa al-Hakim, yapata miaka 1,000 iliyopita, aliandika juu ya sindano yenye uwazi ndani aliyoitumia kwa kazi hiyo. Iliwaweza walio laini tu. Mwaka 1967 Charles Kelman wa New York, aliyepata wazo lake katika kiti cha daktari wa meno, alileta chombo chenye umbo la kalamu. Ncha yake hutetemeka yapata mara 40,000 kwa sekunde, ikaivunja lenzi na kuifyonza kupitia tundu la milimita tatu hivi.

Kalamu za asili hupiga mbele na nyuma, mfano wa patasi. Kila pigo hukisukuma kipande mbali na ncha, na joto huongezeka. Za baadaye hutikisa ncha kushoto na kulia, zikakikata kipande kikiwa kimetulia, kwa nguvu chache zaidi. Faida hiyo si ndogo: chembe za utando wa ndani wa kioo cha jicho zikifa, hazizaliwi tena.

Lakini lenzi iliyogeuka jiwe huitaabisha kalamu yoyote. Hapo upasuaji wa mkono hustahili heshima kuliko unavyopewa. Daktari hufungua mkato wa milimita sita au saba, huitoa lenzi nzima, hutia ya bandia, na mara nyingi hahitaji mshono. Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2007 ulizilinganisha njia hizi. Baada ya miezi sita, wagonjwa 98 katika kila 100 wa pande zote mbili walikuwa na uoni mwema. Kwa mkono, kazi ilichukua dakika 9 na dola 15. Kwa mashine, dakika 15 na nusu na dola 70.

Basi hatuoni kwa nini familia imwache mzazi gizani miaka miwili ikichanga fedha za mashine. Muulizeni daktari ni njia ipi aifanyayo kila wiki, na lenzi ya mzee imefikia ugumu gani. Muulizeni pia mgonjwa ajizuie kuinama siku ngapi. Akikatazwa kusujudu, ataswali kwa ishara.