‘Nimekosa’: Neno moja lenye sura mbili, na uzito wake mahakamani

NENO ‘kosa’ ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayotamkwa kila siku bila msemaji kutua na kuyatafakari. Mwalimu hulitumia anaposahihisha madaftari, kocha hulitumia baada ya mechi, na karani wa mahakama hulitumia anaposoma hati ya mashtaka. Neno ni lilelile, lakini jambo linalotajwa hutofautiana sana, na tofauti hiyo inaweza kumfikisha mtu gerezani.

Utata huo unaanzia kwenye kitenzi ‘kukosa’, ambacho kina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Maana ya kwanza ni kutopata kitu au kutofikia lengo. Ya pili ni kutenda isivyopasa. Abiria akisema “nimekosa basi” hakuna anayedhani kwamba amelitendea basi hilo ubaya. Lakini mtu akiinamisha kichwa mbele ya mzee na kusema “nimekosa”, kila aliyepo anajua kwamba anaomba radhi.

Methali nazo zimegawana maana hizo. ‘Mtaka yote hukosa yote’ inazungumzia kutopata, ilhali ‘kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa’ inazungumzia mwenendo. Wakati mwingine kinachotenganisha maana ni irabu moja tu: “nilikukosa” ni maneno ya mgeni aliyebisha hodi asimkute mwenyeji, na “nilikukosea” ni maneno ya mtu anayetaka kusamehewa.

Katika kurasa za michezo maana zote mbili hukutana ndani ya dakika tisini. Mshambuliaji aliyepiga mpira ukapita pembeni ya lango ‘amekosa bao’, na mashambulizi ya namna hiyo yakiwa mengi mwandishi husema kulikuwa na ‘kosakosa’ langoni. Beki aliyempasia adui mpira ‘amefanya kosa’. Kwa lugha, aliyekosa bao hana kosa, ingawa mashabiki waliolipa kiingilio huenda wasikubaliane na hoja hiyo. Nje ya uwanja, mtu aliyeponea chupuchupu husemwa kuwa ‘amekoswakoswa na risasi’. Hapo risasi ndiyo iliyokosa, na heri ni ya aliyekoswa.

Uhusiano kati ya upungufu na ubaya haupo katika neno hili peke yake. ‘Kasoro’, lenye asili ya Kiarabu, ni dosari katika kazi ya fundi, lakini pia ni robo saa inayopungua tunaposema saa mbili kasorobo. Inaonekana kwamba kwa msemaji wa Kiswahili, jambo baya mara nyingi ni jambo ambalo halikutimia.

Kutokana na ‘kosa’ tunapata pia ‘kosana’, ‘kosekana’, ‘kosesha’ na ‘ukosefu’. Linalostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni ‘kosoa’. Kwa umbo lake, kitenzi hiki kinafanana na vile vinavyotengua jambo: choma na chomoa, funga na fungua, tega na tegua. Kwa mfano huo, mkosoaji ni mtu anayeliondoa kosa, sawa na anayechomoa mwiba. Siku hizi hasa katika siasa, anayekosoa huchukuliwa kuwa anatafuta ugomvi, na maana ya kurekebisha imefifia. Ni hasara kwa lugha, na pengine si kwa lugha tu.

Ni mahakamani, hata hivyo, ambako neno hili lina uzito mkubwa kuliko mahali pengine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inatenganisha ‘kosa’ na ‘hatia’: aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai hapaswi kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Kosa linaweza kuwa limetendwa kweli, na aliyesimama kizimbani akawa si mwenye hatia. Waandishi wa habari nasi hatuko salama hapo. Haraka ya kichwa cha habari imewahi kumgeuza mtuhumiwa kuwa mkosaji.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi mshtakiwa anapotakiwa kujibu. Mtu aliyelelewa kwa adabu ya kutuliza ugomvi kwa kusema “nimekosa, nisameheni” anaweza kuyatamka maneno hayo kwa heshima tu, bila kukusudia kukubali kila kilichoandikwa katika hati. Kwa sheria ya Tanzania, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu pekee. Mlango hufunguka ikiwa itaonekana kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata au kulitokana na kutoelewa.

Mwaka 2019 msamiati huu ulisikika sana nchini, pale Rais John Magufuli alipotoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri makosa na kurejesha fedha. Mwaka huohuo sheria iliingiza utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji. Kabla ya hapo, katika mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo, hakimu aliyesikia “nimekosa” alikuwa akiliandika kwa Kiingereza, na namna alivyolitafsiri ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu.

Utaratibu wa kuzuia makosa ya namna hiyo uliwekwa wazi na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, katika shauri lililotoka Kenya. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, kwa kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka ueleze jinsi tukio lilivyokuwa, naye aulizwe kama anakubali. Akisema “ni kweli nimekosa, nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na panga”, hakimu anapaswa kuandika kwamba mshtakiwa amekana, na shauri lisikilizwe.